Kutoka Msimbazi Hadi Mkwakwani

Marehemu baba yangu hakuwahi kucheza mpira zaidi ya ule wa makaratasi aliocheza utotoni Ngamiani, Tanga. Lakini kila alipoutaja mwaka 1988 alisema, "Mwaka ule tulichukua ubingwa." Tulikuwa tunaishi Dar es Salaam, nami nilikuwa mdogo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba baba aliwahi kuichezea Coastal Union ya Tanga, mabingwa wa nchi mwaka ule. Nilipokua nikaelewa. Ile "tu" ya baba haikuwa ya mchezaji, ilikuwa ya mwenye timu. Hakuwa na hisa wala cheo. Alikuwa na redio ya betri nne, na mbele ya redio ile alikuwa tajiri.

Neno lile dogo ndilo lililonitoa nyumbani wiki ya kwanza ya Agosti 2024. Nilitaka kuona klabu zetu zinavyotumia redio, televisheni, magazeti na simu za mkononi ili mtu aliye mbali na uwanja aseme "tu". Nikaamua kuanzia Kariakoo, ambako kazi hiyo imekomaa, na kumalizia Tanga, ambako baba aliliacha neno lake.

Ijumaa tarehe 2, saa moja asubuhi, nilishuka Mtaa wa Msimbazi. Maduka mengi yalikuwa bado yamefungwa, lakini meza ya muuza magazeti ilikwisha zungukwa. Wengi hawakununua. Walisimama mikono nyuma wakisoma kurasa za mbele, kama wazazi mbele ya ubao wa matokeo ya mtihani. Nyekundu upande huu, kijani na njano upande ule. Kesho yake ilikuwa Simba Day, na keshokutwa kilele cha Wiki ya Mwananchi ya Yanga, zote mbili Uwanja wa Benjamin Mkapa. Habari nyingine zote za michezo zilikuwa zimebanwa pembeni, kwa herufi ndogo.

"Tumemaliza tiketi," aliniambia muuza kahawa huku akinimiminia kikombe. Hakuwa ameuza hata tiketi moja. Alikuwa na birika, sahani ya kashata na fulana nyekundu iliyopauka mabegani. Ila alilitamka lile "tumemaliza" kama mtu aliyefunga hesabu za ghala lake mwenyewe.

Nilikaa kwenye benchi lake karibu saa nzima, nikawaza jinsi neno lile lilivyofika mdomoni mwake. Simba Day ilianza mwaka 2009. Kabla ya hapo, kipindi cha kati ya msimu mmoja na mwingine kilikuwa kiangazi kwa klabu. Hakuna mechi, na habari zilikuwa za tetesi za usajili. Simba ikaamua kujitengenezea siku yake. Wachezaji wapya wanatambulishwa mmoja mmoja, wanamuziki wanapanda jukwaani, kisha inachezwa mechi ya kirafiki na timu ya nje. Siku hiyo hutanguliwa na wiki nzima ya kuchangia damu, kutembelea wagonjwa na magari ya matangazo yanayozunguka mitaani. Mwaka 2019 Yanga nao wakaja na Wiki ya Mwananchi. Kufikia 2024 mwanzo wa Agosti ulikuwa kama sikukuu, watu walishona nguo na kuomba ruhusa kazini.

Werevu wa jambo hili ni kwamba mechi yenyewe haina pointi. Habari ya matokeo hutegemea mguu wa mshambuliaji, na mguu huo una siku zake. Habari ya Simba Day hutegemea kalenda ya klabu. Klabu imeacha kungojea iandikwe, inaandikisha. Julai 2023 Simba waliipeleka jezi yao mpya hadi kilele cha Mlima Kilimanjaro. Jezi ni kitambaa, ingeweza kuzinduliwa ukumbini mbele ya waandishi na soda. Ilipopanda mlima ikawa habari hata kwa mtu asiyejua kuotea ni nini.

Kutoka makao ya Simba, Msimbazi, hadi makao ya Yanga, kwenye kona ya Twiga na Jangwani, ni mwendo mfupi wa miguu. Umbali huo mdogo unaeleza mengi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na tangu hapo watani hawa wamekuwa wakisikiana kelele kutoka barazani. Msemaji wa klabu wa leo, mwenye kipaza sauti na mavazi ya rangi ya timu, ni mjukuu wa baraza hizo. Na ukirudi nyuma zaidi utakuta miji ya pwani yetu ilikuwa na mashindano ya aina hii kabla mpira haujatawala. Katika ngoma ya beni kulikuwa na Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake na majigambo yake. Baadaye taarabu ikaendeleza mipasho. Kumtania mpinzani kwa ustadi, mbele ya watu, bila kumgusa kwa mkono, ni sanaa tuliyorithi. Vyombo vya habari vimeiongezea sauti.

Zamani kazi hii klabuni ilikuwa ya katibu mwenezi, cheo kilichofanana na vile vya vyama vya siasa. Alitoa taarifa, akakanusha tetesi, akataja viingilio. Kisha akaja msemaji, ambaye yeye mwenyewe ni habari. Jerry Muro alitoka kwenye utangazaji wa televisheni akaenda kuisemea Yanga. Haji Manara aliisemea Simba kuanzia mwaka 2015, na Agosti 2021 alipovuka kwenda Jangwani, uhamisho wake ulizungumzwa kama wa mshambuliaji. Siku nilipokuwa Kariakoo, Simba ilisemewa na Ahmed Ally na Yanga na Ali Kamwe, na wote wawili nchi iliwajua kwanza kupitia Azam TV. Klabu zetu sasa zinasajili sauti kama zinavyosajili miguu.

Maneno yao huzaliwa asubuhi na jioni yanakuwa ya kila mtu. Wa Yanga humwita mtani Kolo, wa Simba humjibu Utopolo, na hakuna anayehitaji kamusi. Msimu ule Simba walikuwa wameinua "Ubaya Ubwela". Nililisikia kwa muuza magazeti, kisha kwa kondakta wa daladala aliyekuwa anagombana na abiria juu ya chenji ya mia mbili, na abiria akacheka, ugomvi ukaisha. Kauli ya klabu ikifika kwenye ugomvi wa chenji, ujue kazi ya matangazo imefanyika.

Lakini nakiri kwamba pale kwenye benchi la kahawa niliguswa pia na wasiwasi. Tambo ni kiungo, si chakula. Shabiki anayesema "tu" ana haki ya kucheka, na ana haki ya kujua pia. Mchezaji fulani ana jeraha la muda gani? Fedha za jezi zimekwenda wapi? Uwanja ulioahidiwa umefikia hatua gani? Sauti kubwa inaweza kutumika kujibu maswali haya, na inaweza kutumika kuyafunika. Naipenda sanaa ya msemaji, na kwa sababu naipenda natamani kila baada ya tambo tatu aje na taarifa moja iliyonyooka.

Alasiri nilipanda daladala hadi Mbagala, nikaunganisha Chamazi. Pale ndipo ilipo Azam Complex, uwanja na makazi ya Azam FC. Klabu hii ilianza mwaka 2004, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008 na kuchukua ubingwa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Niliifuata kwa sababu jina lake linagusa upande wa pili wa habari yangu, upande wa fedha.

Mwishoni mwa mwaka 2013 Azam TV ilianza kurusha matangazo, na Ligi Kuu ikawa mhimili wake. Katika mkataba wa kwanza kila klabu ilipata shilingi milioni 100 kwa msimu. Yanga waliupinga, kwa hoja kwamba mwenye televisheni alikuwa na timu kwenye ligi hiyohiyo. Kwa klabu za mikoani, hata hivyo, zile milioni 100 zilikuwa fedha za uhakika ambazo hazikutoka mlangoni. Kabla yake, mvua ikinyesha siku ya mechi, mishahara ililowa. Mei 2021 ukasainiwa mkataba mpya wa haki za televisheni, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Mwaka huohuo benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi, na Yanga, walewale waliopinga mwanzo, wakaingia mkataba wao wenyewe na Azam Media wa zaidi ya shilingi bilioni 40 kwa maudhui ya klabu yao.

Ukizitazama fedha hizo utaona zinavyozunguka. Kamera inamleta mtazamaji, mtazamaji anamleta mdhamini, mdhamini analipia kifua cha jezi, na fedha ya kifua inamleta mchezaji anayeirudisha kamera. Ndiyo maana leo, siku moja kabla ya mechi, kocha na mchezaji huketi mbele ya bango lenye nembo za wadhamini kuzungumza na waandishi. Ndiyo maana klabu ikichelewa kuposti picha za mazoezi watu huuliza kulikoni.

Nje ya geti la Chamazi nilikuta mama anauza mihogo ya kukaanga. Alikuwa ameishi hapo tangu uwanja haujajengwa. Nikamsifia mtaa wake kwa kuwa na uwanja wenye taa na nyasi nzuri.

"Ndiyo, wana uwanja mzuri," alisema. "Wametuletea na biashara."

Nikanunua mihogo, nikaondoka nikiwaza lile "wana". Azam FC ina kila kitu ambacho klabu nyingine zinakiota. Hata jina la utani, Wanalambalamba, limetokana na askrimu ya kampuni mama, tangazo ndani ya tangazo. Lakini Azam ilikuwa na umri wa miaka 20, na wale wa Kariakoo walikuwa wanaelekea 90. Kuna babu aliyemrithisha mwanawe Simba, na mwana akamrithisha mjukuu. Urithi huo haununuliwi na kamera, unahitaji muda. Naamini watoto wanaokua leo jirani na taa zile ndio watakaosema "tuna uwanja mzuri", kama klabu itawasimulia habari zake wakiwa bado wadogo.

Jumamosi nilikuwa Kwa Mkapa. Uwanja wa watu elfu sitini ulikuwa mwekundu hadi juu. Simba waliifunga APR ya Rwanda mabao 2-0, lakini mimi nilitazama zaidi majukwaa. Karibu kila mkono ulikuwa na simu iliyoinuliwa. Zamani uwanja ulikuwa na mtangazaji mmoja na sisi tulikuwa masikio yake. Siku ile kila shabiki alikuwa mtangazaji, na klabu ilikuwa imepata maelfu ya wafanyakazi wasiodai mshahara. Binamu yangu anayefanya kazi Muscat alikuwa anatazama huko. Saa kumi na mbili akanitumia ujumbe wa sauti, kelele za wenzake chumbani zikiwa nyuma yake: "Umeona tulivyojaa?" Alikuwa ng'ambo ya bahari, na alikuwa amejaa uwanjani.

Jumapili asubuhi nilipanda basi la Tanga kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi. Dereva alikuwa ameweka redio kwa sauti ya juu, na redio nzima ilikuwa Wiki ya Mwananchi. Wachambuzi walibishana juu ya kikosi, wasikilizaji walipiga simu kutoka Tunduma, Geita na Masasi. Nyuma yangu mama mmoja aliyevaa ushungi wa kijani aliimba na redio hadi Kibaha.

Tulipopita Mlandizi nilikumbuka Ruvu Shooting. Timu ile ya jeshi, iliyocheza nyumbani Mabatini, haikuwa na umati wala mamilioni. Ilikuwa na Masau Bwire. Msemaji huyo alichukua neno la kawaida, kupapasa, akaligeuza kuwa jina la mtindo wa soka la timu yake. Kila Ruvu ilipokaribia kukutana na mkubwa, waandishi walimfuata kusikia nani atapapaswa safari hii. Timu ilishuka daraja mwaka 2023, lakini neno bado lipo kwenye midomo ya watu. Vivyo hivyo Mbeya City, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza ya tatu, ilikuja na "Koma Kumwanya" yake, kauli ya lugha ya nyumbani, na mashabiki wake wakajaza mabasi kuifuata mikoani. Mifano hii miwili inanitia moyo. Klabu ndogo haikosi cha kusema. Hupotea pale inapoazima mdomo wa Kariakoo.

Baada ya Chalinze barabara iligeukia kaskazini. Tulipita Msata, tukavuka Wami kwa daraja jipya, na redio ikaanza kukwaruza. Mkwaruzo ule ulinirudisha sebuleni kwetu. Baba alikuwa anaielekeza antena dirishani, kisha anatutuliza kwa kiganja. Watangazaji wa Redio Tanzania walikuwa wageni wa heshima nyumbani. Charles Hilary akitangaza, uliona vumbi. Halima Mchuka akiingia, mama aliacha jikoni akaja kukaa, kwa kuwa ilikuwa sauti ya mwanamke ikitangaza mpira nchi nzima. Klabu hazikuwa na wasemaji wa kulipwa wakati ule wala ukurasa mtandaoni. Ziliishi kwenye sauti za watu hao, na mtangazaji akitaja Uwanja wa Mkwakwani, Tanga nzima iliinuka.

Mashamba ya mkonge yalianza kujitokeza Mkata na Kabuku. Segera tukakata kulia, Hale, kisha Muheza, ambako wachuuzi waliinua mifuko ya machungwa hadi madirishani. Kijana aliyeketi pembeni yangu alisema ni mzaliwa wa Tanga, anasoma Dar. Alikuwa amevaa jezi ya Simba ya msimu mpya.

"Na Coastal je?" nikamuuliza. "Wanakwenda Kombe la Shirikisho mwaka huu."

"Eti eeh? Wamejitahidi," alijibu kwa upole. "Wanacheza na nani?"

Sikumlaumu. Coastal Union, klabu ya tangu 1948, ilikuwa imemaliza msimu wa 2023/24 katika nafasi ya nne na kurudi Afrika baada ya zaidi ya miaka 30. Golikipa wake kutoka Kongo, Ley Matampi, alimaliza mechi 15 za ligi bila kufungwa, akawa kipa bora wa msimu mbele ya makipa wa Simba na Yanga. Ni habari za kumfanya mtoto wa Tanga atembee kifua mbele. Lakini Juni na Julai ile, jina la Coastal liligonga vichwa vya habari kwa jambo jingine. Beki wake Lameck Lawi alikuwa ametangazwa na Simba, kisha Coastal ikasema bado ni mchezaji wake, na kurasa za mbele zikajaa mvutano huo kwa wiki. Hiyo ndiyo hali ya klabu nyingi za mikoani. Zinakuwa habari zinapoguswa na Msimbazi au Jangwani. Asiyejisimulia husimuliwa, na anayekusimulia hukuweka pale anapotaka uwepo.

Tanga ilinipokea kwa upepo wa bahari na harufu ya vitumbua. Nilifikia kwa jamaa wa baba, Ngamiani, katika nyumba ya baraza pana. Jumatatu asubuhi nilikwenda Mkwakwani. Geti lilikuwa wazi nusu, ndani hakukuwa na mechi, wazee wawili walikuwa kivulini wakipiga soga. Niligusa ukuta. Nilikuwa nimeusikia uwanja huu redioni utoto wangu wote.

Jioni nilipelekwa kwa mzee mmoja wa mtaa uleule, rafiki wa baba wa enzi hizo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa marehemu? Karibu, keti mkekani. Umefanana naye paji la uso."

Nilipomwambia nimefuata habari za mwaka 1988, hakusema neno. Aliingia ndani akarudi na kopo la biskuti lililoota kutu pembeni. Ndani mlikuwa na kipande cha gazeti, tiketi mbili za Mkwakwani na picha ya kikosi, vijana wenye nywele nyingi na kaptula fupi. Alimwonyesha kila mmoja kwa kidole, akataja na mtaa aliotoka. Alipofika kwa Juma Mgunda alisimama kidogo. "Huyu mnamjua kama kocha, mmemwona hadi Simba. Sisi tulimwona hapa akiwa kijana, mpira mguuni."

Mjukuu wake, mvulana wa miaka kumi hivi aliyevaa jezi ya Yanga, alikuwa amesogea taratibu hadi akaegemea bega la babu. Aliitazama picha kwa makini.

"Babu, kumbe walishachukua ubingwa?"

"Walichukua," mzee alijibu. Nilimwona akimeza kitu. Alilirudisha neno la mjukuu kama alivyopewa, bila kulisahihisha.

Kulikuwa na kijana mwingine pale barazani, dereva wa bajaji, ambaye kwa mapenzi yake huendesha ukurasa wa mashabiki wa Coastal kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa amenyamaza muda wote. Sasa akaomba, "Mzee, naomba uanze tena. Nikurekodi."

Mzee alianza tena. Alieleza maana ya Wagosi wa Kaya, kwamba mgosi kwa lugha za huku kwao ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Hilo jina, alisema, halikubuniwa na ofisi. Lilitoka kwa watu walioishangilia timu kwa lugha waliyoombolezea na kuozeshea watoto. Alieleza jinsi Tanga ilivyokuwa mji wa kushindana kwa raha, Black Star na Lucky Star upande wa taarabu, Coastal na African Sports upande wa mpira, na jinsi mtu alivyoweza kugombana na shemeji yake Jumamosi na kula naye Jumapili. Alieleza siku ya ubingwa. Hakutumia hata tambo moja. Alitaja watu, mitaa, na chakula kilichopikwa.

Kijana aliikata video vipande vitatu, akaviweka mtandaoni usiku uleule. Asubuhi alinionyesha simu. Watu wa Korogwe, Lushoto na Pangani walikuwa wameandika. Mmoja alikuwa amemtambua babu yake katika ile picha. Wengi walitumia neno moja, "timu yetu". Sikuhesabu walikuwa wangapi, kwa sababu nilikuwa natazama lile "yetu". Hapakuwa na kamera kubwa wala bango la wadhamini. Kulikuwa na mzee, kopo la biskuti na mtu aliyejua kuuliza.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza: kila klabu ya mkoani ina kopo lake. Mtibwa wana miwa yao na ubingwa wa 1999 na 2000. Kila mji una mzee wake anayekumbuka majina. Kanuni zinaweza kuitaka klabu iwe na afisa habari, lakini kazi ya kwanza ya afisa huyo naiona barazani, kabla ya ofisini. Aende na simu, akae mkekani, asikilize.

Alhamisi, sikukuu ya Nane Nane, zilichezwa nusu fainali za Ngao ya Jamii. Coastal walikuwa Zanzibar, Uwanja wa Amaan, kukutana na Azam. Simba na Yanga walikuwa Kwa Mkapa. Kwenye kibanda cha video cha mtaani ubao wa chaki uliandikwa SIMBA NA YANGA kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa chaki iliyokuwa inaisha, Azam na Coastal. Mechi ya Zanzibar ilitangulia. Tulikuwa watu wachache kwenye mabenchi, mimi, kijana wa bajaji, wazee wawili, na yule mvulana aliyejibanza mbele kabisa sakafuni. Coastal walifunga mabao mawili. Azam walifunga matano.

Kibanda kilipoanza kujaa watu wa mechi kubwa, mvulana alinyanyuka, akapenya katikati ya miguu ya watu, akatoka. Nilimfuata hadi barazani. Alikuwa bado na jezi yake ya Yanga, na timu yake ya jezi ilikuwa inakaribia kuingia uwanjani. Babu yake alikuwa ameketi mkekani, redio imezimwa, hakuwa ametaka kusikiliza.

"Babu," alisema, na sauti ilimkatika kidogo. "Tumefungwa."

Mzee aliinua uso, akamtazama kwa muda. Kisha akasogea, akampa nafasi mkekani.